Mtoto anayeanguka ovyo: mizani ya mwili ni nini, na inafundishwaje

Mtoto wa miaka minane anavaa suruali ya shule akiwa amekaa kitandani, kwa sababu akisimama kwa mguu mmoja anaangukia kabati. Wakati wa mapumziko wenzake wanaruka kamba. Yeye ni mzungusha kamba wa kudumu. Akitumwa maji, ndoo inafika nusu. Nyumbani ameshapewa majina: goigoi, mzembe, "huyu anatembea kama amelala". Kisha shangazi anatuma kwenye kundi la WhatsApp video ya mtoto amesimama juu ya ubao unaoyumba, na chini yake tangazo kwamba ubao huo unatibu "balansi". Mjadala unaanza. Mmoja anasema anunuliwe ubao, mwingine aongezewe uji wa lishe, wa tatu anasema aachwe, akikua atanyooka mwenyewe.

Wote watatu wanaichukulia balansi kama kitu kimoja ambacho mtoto anacho au hana, mfano wa damu au nguvu. Sivyo ilivyo, na kosa hilo moja ndilo linalozaa ushauri mwingi usiofaa.

Tuanze na maneno. Mizani ya mwili, ambayo mtaani huitwa balansi, ni kazi ya kuuweka uzito wa mwili juu ya eneo ulilokanyaga, na kuurudisha pale unapotoka. Mtu akisimama kawaida, chora mstari kuzunguka nyayo zake mbili pamoja na nafasi iliyo katikati: hilo ndilo eneo lake. Uzito ukianza kutoka nje, ana njia kuu tatu. Anakaza vifundo vya miguu, anakunja kiuno, au anapiga hatua. Akiinua mguu mmoja, eneo lote linabaki ukubwa wa kandambili moja, kwa hiyo kosa dogo ambalo miguu miwili ingelimeza linakuwa anguko. Hata aliyesimama wima kama askari wa gwaride hajatulia. Anayumba kidogo kidogo muda wote na kujirekebisha bila kujua.

Neno la pili ni jina la tatizo lenyewe. Wataalamu huliita tatizo la ukuaji wa uratibu wa viungo, na kwenye ripoti utakuta herufi DCD. Uingereza wengi hulijua kama dispraksia. Mwongozo wa DSM-5 wa madaktari wa akili wa Marekani, uliotoka mwaka 2013, unataka mambo manne yakutane. Ujuzi wa mwili uwe chini sana ya umri wa mtoto ingawa amepata nafasi ya kujifunza. Upungufu huo uvuruge maisha ya kila siku: kuvaa, kuandika, kula, kucheza. Uwe umeanza utotoni. Na usiwe umeletwa na kitu kingine kinachoueleza vizuri zaidi, kama uoni hafifu, mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili. Makadirio ya mwongozo huo ni asilimia 5 hadi 6 ya watoto wa miaka 5 hadi 11. Kwa darasa la watoto 60, hao ni kama watatu, na wavulana hutajwa zaidi ya wasichana. Waliozaliwa njiti wamo katika hatari kubwa zaidi.

Zingatia sharti la nafasi ya kujifunza. Mtoto aliyelelewa ghorofa ya tatu na kufungiwa ndani hadi aanze shule anaweza kuonekana mzito uwanjani, lakini mpe miezi michache ya kucheza na atawafikia wenzake. Mwenye DCD amecheza na wenzake hao hao, kwenye vumbi lile lile, na bado yuko nyuma. Ndiyo maana wataalamu hukwepa kutoa jina hilo kabla ya miaka mitano: chini ya hapo watoto hutofautiana mno.

Kipimo cha nyumbani kipo, ila ni cha kukupa mashaka tu, hakitoi hukumu. Mtoto wa miaka minne huweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde chache, na wa miaka mitano hufika sekunde 10. Mpime mara tatu kila mguu, siku mbili tofauti, akiwa ameshiba. Wa miaka saba asiyevuka sekunde nne au tano, na ambaye pia anahangaika na vifungo na mpira, anastahili kuonwa.

Si kila anayeanguka ana DCD

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu kukosea hapa kuna gharama. DCD haiji ghafla na haimnyang'anyi mtoto alichokwisha kukiweza. Aliyekuwa akikimbia vizuri mwaka jana na sasa anaanguka, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo anayedhoofika upande mmoja wa mwili. Mwenye selimundu (sikoseli) akilegea mkono au mguu ghafla, asisubiri kesho, kwa sababu ugonjwa huo huleta kiharusi hata kwa watoto. Anayeamka na kichwa kinachouma na kutapika asubuhi huku mwendo ukiyumba, asipewe panadoli na kuachwa. Mvulana anayeinuka kutoka sakafuni kwa kujikwea mapaja yake kwa mikono achunguzwe misuli.

Yapo pia yaliyopita zamani na kuacha alama. Malaria kali iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu mizani. Jentamisini, dawa inayookoa maisha ya watoto wachanga wengi, nayo inaweza kuumiza kifaa cha mizani ndani ya sikio, hasa ikitumika kwa kiwango kikubwa au muda mrefu. Mzazi akienda kliniki aieleze historia hiyo hata asipoulizwa.

Mashahidi watatu

Ubongo unajuaje kwamba mwili unainama? Unasikiliza mashahidi watatu. Wa kwanza ni macho, yanayoona ukuta na upeo vikisogea. Wa pili yumo ndani ya kila sikio: mifereji mitatu ya majimaji inayohisi kichwa kikizunguka, na vifuko viwili vyenye chembe za chokaa vinavyohisi kichwa kikiinama au mwili ukienda kasi. Wa tatu ni nyayo, misuli na viungo, vinavyosema uzito uko wapi na goti limekunjwa kiasi gani.

Kazi ngumu ni ya hakimu, maana mashahidi hugombana. Umekaa kwenye basi stendi, basi la pembeni linaanza kuondoka, nawe unahisi lako ndilo linalorudi nyuma: macho yamedanganya, nyayo na masikio yanabisha, na hakimu anachelewa kidogo kuamua. Watafiti Lee na Aronson walilionyesha hilo mwaka 1974 kwa chumba ambacho kuta zake zilisogezwa huku sakafu imetulia. Watoto waliokuwa wametoka tu kujifunza kusimama waliyumba, wengine wakaanguka, ingawa hakuna aliyewagusa. Mdogo huyaamini macho kupita kiasi. Kuwapima mashahidi kwa namna ya mtu mzima hukomaa polepole, na kwa watoto wengi hukaribia kukamilika kati ya miaka 7 na 10.

Kwa watoto wengi wenye DCD hakimu huyo huchelewa kukomaa. Macho yao yanaweza kuwa mazima, masikio mazima, na bado mwili ukabaki umeng'ang'ania shahidi mmoja. Utaliona jioni umeme ukikatika: mwenzake anapapasa na kupita, yeye anagonga meza. Utaliona bafuni anapofumba macho kuosha uso. Utaliona kwenye mchanga mkavu wa pwani, ambapo nyayo hutoa ushahidi usioeleweka. Miwani haimsaidii, kwa sababu jicho halina kosa. Viatu maalumu vya unyayo bapa navyo ni fedha iliyopotea ikiwa mtoto hana maumivu. Watoto wengi wenye nyayo bapa wanakimbia bila shida.

Kondakta na abiria

Mashahidi watatu wangetosha kama mizani ingekuwa kujirekebisha baada ya kuyumba. Sehemu kubwa ya mizani, hata hivyo, hufanyika kabla.

Mtazame kondakta wa daladala aliyesimama mlangoni. Dereva akikanyaga breki, abiria mgeni anarushwa mbele. Kondakta hatikisiki, na si kwa sababu ana miguu ya chuma. Ameiona kona, anamjua dereva, na mwili wake umeshaegemea nyuma kabla breki haijashika. Ndivyo ubongo wako unavyofanya na mwili wako. Kabla hujanyoosha mkono kuchukua sufuria rafuni, misuli ya mgongo na miguu imeshajikaza kidogo ili mkono unaokwenda mbele usikuvute. Ubongo umetabiri. Sehemu ya nyuma ya ubongo, serebela, ina mkono mkubwa katika utabiri huo.

Maelezo yanayokubalika na watafiti wengi ni kwamba mtoto mwenye DCD ana utabiri dhaifu. Anaishi kama abiria ndani ya mwili wake mwenyewe: anajua breki imekanyagwa pale anaporushwa. Kwa hiyo hujilinda kwa njia aliyonayo, akikaza misuli ya mbele na ya nyuma ya mguu kwa pamoja hadi awe kama mlingoti. Mlingoti hauyumbi kidogo. Husimama, kisha huanguka mzima. Tena kukaza hivyo kunachosha, na ndiyo maana saa nne asubuhi ameshaegemea dawati huku mwalimu akiandika "mvivu". Mwambie "kaza mwili!" na umemwongezea ugonjwa.

Kwa sababu hiyo hiyo anatumia akili kufanya kile ambacho wengine wanafanya bila kufikiri. Muulize swali la hesabu anapovuka ubao wa mtaro, atasimama au atateleza. Si kwamba hesabu hajui.

Na kukua kunamponya? Baadhi hulingana na wenzao. DSM-5 inataja asilimia 50 hadi 70 ambao matatizo yao huendelea hadi ujana. Kinachobadilika kwa wengi ni ufundi wa kukwepa: anajitolea kuwa mlinda mabegi, anaumwa tumbo siku ya michezo. Mzazi anaona haanguki tena na kushukuru, kumbe mtoto ameacha kusogea.

Ubao unaoyumba unafundisha nini?

Unafundisha kusimama juu ya ubao unaoyumba. Hilo si dhihaka. Utabiri hujifunzwa kwa kila kazi peke yake: wa kuruka kamba hauko katika baiskeli, na wa ubao hauko katika suruali. Mtoto anaweza kufanya mwezi mzima wa mazoezi ya ubao, akapata alama nzuri juu yake, na bado akavaa amekaa kitandani.

Mwongozo wa kimataifa wa DCD uliochapishwa mwaka 2019 na wataalamu wa European Academy of Childhood Disability, chama cha Ulaya cha ulemavu wa watoto, unaelekea huko huko: mbele ziwekwe mbinu zinazofundisha shughuli yenyewe ambayo mtoto anaihitaji, badala ya kunoa kiungo au hisia fulani kwa matumaini kwamba faida itasambaa. Huko Cape Town, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha watoto wa miaka 6 hadi 10 wenye matatizo haya. Kundi moja lilifundishwa kazi za mwili hatua kwa hatua na wataalamu wa fiziotherapia, jingine lilicheza Wii Fit, michezo ya video inayochezwa kwa kusimama juu ya ubao wake wa kielektroniki. Wote walisonga mbele, lakini waliofundishwa kazi halisi walipata zaidi, katika ujuzi wa mwili na hata katika pumzi. Ubao si sumu, basi. Mtoto akiupenda, auchezee. Usikate ada ya shule kuununua.

Mbinu moja inayofaa hata kwa mzazi asiye mtaalamu ilibuniwa Kanada na Helene Polatajko na Angela Mandich, nayo inasimama juu ya maneno manne: lengo, mpango, tenda, kagua. Lengo anachagua mtoto. Mpango anautaja yeye, wewe unamwongoza kwa maswali. Anatenda, kisha anakagua mwenyewe kilichotokea. Sehemu ya kukagua ndiyo wazazi wengi wanaiua, kwa kuwahi kusema "si nilikwambia!" Ubongo unaojifunza kutabiri unahitaji kulinganisha ulichotarajia na kilichotokea, na hauwezi kulinganisha huku unafokewa.

Tuchukue suruali kwa ufupi. Aanze ameegemeza makalio ukutani, nyayo kiganja kimoja mbele ya ukuta, macho kwenye kitu kisichosogea, si kwenye mguu. Akiweza hivyo siku tatu mfululizo, ukuta ubadilishwe kuwa mkono mmoja, kisha kidole kimoja, kisha ukuta uwe karibu tu bila kuguswa. Kinachobadilika ni kitu kimoja kwa wakati. Ukiondoa ukuta na kumharakisha basi la shule siku hiyo hiyo, hutajua kipi kimemwangusha.

Baiskeli, kwa karibu

Baiskeli inastahili nafasi kubwa, kwani ndiyo ambayo watoto hawa huitaja sana, na ndiyo inayofundishwa vibaya kuliko zote.

Kosa la kwanza ni ukubwa. Kupenyeza mguu chini ya chuma cha fremu ya baiskeli ya baba ni shule waliyosoma wengi, lakini kwa mtoto huyu ni kumpa hesabu tatu kwa pamoja. Akikaa kwenye tandiko, nyayo zote mbili zikanyage chini na magoti yapinde kidogo. Tandiko likishushwa hadi mwisho na bado anachungulia kwa vidole, tafuta baiskeli nyingine.

Kosa la pili ni magurudumu ya pembeni. Baiskeli hubaki wima kwa kugeuza usukani upande inakoangukia, ili magurudumu yarudi chini ya uzito. Yenye magurudumu ya pembeni haiegemei, kwa hiyo mtoto anafundishwa kugeuza usukani bila kuegemea. Siku yanapotolewa, anaanza upya akiwa na mazoea ya kinyume.

Badala yake, ng'oa pedeli. Spana namba 15 hutosha kwa baiskeli nyingi. Ya kulia hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa. Ya kushoto hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Wengi huisukuma ya kushoto upande usiofaa kwa nguvu zote hadi meno ya skrubu ya ndani yanalika. Jaza upepo vizuri, sababu tairi laini hufanya usukani uwe mzito. Mvishe helmeti na viatu vya kufunga, si kandambili, maana kwa sasa miguu ndiyo breki. Uwanja uwe mgumu, wenye mteremko hafifu ambao baiskeli ukiiacha inasogea polepole tu. Mchanga unavuta gurudumu.

Siku za mwanzo anatembea tu akiwa amekaa. Kisha hatua zinarefuka. Kisha anasukuma na kuinua miguu yote miwili huku anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Macho yawe kwenye mti au ndoo mbele, si kwenye gurudumu. Akiweza kuhesabu hadi tano katika majaribio manne kati ya matano, panga makopo kwa umbali wa mita tatu tatu na ayapite kwa kupinda. Usikimbilie hapa. Makopo ndiyo yanayojenga utabiri.

Mkono wako usishike usukani wala keria. Ukishika, wewe ndiye unayesawazisha, na hakimu wake anapokea ushahidi wa uongo. Weka vidole mabegani kutoka nyuma, vyepesi, umdake akianguka tu. Akianguka, swali ni moja: "Ilikuwa inaangukia upande gani, na usukani uliupeleka wapi?" Mara nyingi atakuwa ameupeleka upande wa kukimbia anguko, na akiligundua mwenyewe hulikumbuka.

Dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa wiki, zinazidi Jumamosi nzima ya machozi. Acha wakati bado anataka. Jirani aliyejua kwa siku mbili asiwe kipimo. Huyu anaweza kuhitaji wiki kadhaa.

Pedeli zikirudi, zianze kufungwa kwa vidole mizunguko miwili kabla ya spana, yenye herufi L kushoto na yenye R kulia. Aanze kwenye mteremko ule ule, miguu inaning'inia, kisha aitafute pedeli ikiwa baiskeli inakwenda. Kuanzia tambarare kunakuja baadaye: pedeli moja ikae juu mbele kidogo, pale mkono wa saa unapogusa namba 2 ukiitazama baiskeli kutoka kulia, ili msukumo wa kwanza uwe na nguvu.

Ukikwama, kuna pa kuuliza. Hospitali kubwa za Tanzania zina fiziotherapia, na baadhi zina tiba kwa vitendo, fani inayofundishwa hospitali ya KCMC, Moshi. Kenya kuna vituo vya EARC vya kupima watoto kwa ajili ya elimu, vilivyoanza mwaka 1984. Muulize mtaalamu ni shughuli gani hasa ya mtoto atakayoifanyia kazi. Akijibu kwa jina la mashine, uliza tena.

Hatua ya mwisho ni ile ambayo karibu kila mtu huisahau, nayo ni kusimama. Kupunguza mwendo ndipo baiskeli inapoyumba zaidi, na watoto hawa huanguka wakiwa wameshamaliza safari. Ifundishe peke yake: chora mstari chini, abane breki ya nyuma polepole kabla ya kuufikia, ateremshe makalio mbele ya tandiko, mguu mmoja ule ule kila siku ukanyage chini. Akiweza mara tano bila kuvuka mstari, mtoe uwanjani.